Namba Tano ya Njano

14 Januari

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia, na mama naye hajambo, na kuku wake wameacha kutagia ndani ya buti zako za kazi. Sisi huku wazima. Mimi nimezidi uzima, na kama kuna ugonjwa wa kuwa mzima kupita kiasi, ndio huo ninaoumwa.

Mjomba, ndoa ni tamu. Najua maneno haya yanakufanya utazame pembeni, lakini nisipokwambia wewe nitamwambia nani? Tuna vyumba viwili na ua, na nyuma ya ua ndipo lilipo banda la useremala la mume wangu. Asubuhi naamka nasikia randa ikitembea juu ya mbao, shwaa, shwaa, na moyo wangu unatembea nayo. Akiingia ndani kunywa chai ana vumbi la mbao mpaka kwenye kope, na mimi ndiye ninayempangusa, taratibu, hata pale pasipo na vumbi. Juzi nilisema kwa mdomo tu kwamba rafu ya jikoni iko juu mno. Nilipotoka sokoni niliikuta imeshuka mpaka usawa wa bega langu. Yeye alikuwa anakunywa maji, ananitazama juu ya kikombe.

Sasa tuje kwetu. Karakana wanaendeleaje? Magazeti yanafika huku yamechelewa, na timu yetu wanaiandikia mistari miwili chini ya tangazo la magodoro, kama kwamba timu ya mafundi wa mabasi haina watu wanaoilia. Na nani anakushikia ngazi siku hizi? Jumamosi jioni ikifika, mikono inaniwasha. Najiona nimesimama chini ya ubao wa matokeo na namba zimeegemea miguu yangu, na wewe huko juu, rangi ya mabasi bado kwenye kucha, unanyoosha mkono bila kutazama. Nilijua unataka ipi kwa kusikia jukwaa tu. Kelele, namba ya buluu, ya kwetu. Kimya, namba nyeusi, ya wageni.

Bado nacheka nikikumbuka kwamba za buluu ulizichora mpaka tano, lakini nyeusi uliishia nne. Mwenyekiti wa timu alipokuuliza, ulimjibu kwamba mgeni mwenye adabu haombi sahani ya tano. Nimemsimulia mume wangu, akacheka mpaka akaweka nyundo chini.

Mshambuliaji wetu Spana akifunga, shangilia na kwa niaba yangu.

Mimi mpwa wako,
mshika ngazi aliye mbali na ngazi.


3 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imefika na duara la kikombe juu yake. Nadhani huko posta waliisoma wakinywa chai, na pale penye kope naona walinywa kikombe cha pili.

Mama yako hajambo. Amesikia mumeo anakutengenezea kabati, anasema usimharakishe kulimaliza, kabati la haraka hufungua mlango lenyewe usiku na kumtisha mtu. Kuku wamehamia kwenye kofia yangu. Mgongo upo.

Nimefurahi kuhusu rafu. Mwanamume anayeshusha rafu bila kuambiwa mara ya pili si wa kuchezea.

Timu haiko vizuri. Tumeshinda mechi moja tu tangu uondoke, kwa penalti ya Spana, na hiyo penalti yenyewe hata Spana aliona aibu kuipiga. Breki pale golini siku moja anasimamisha kila kitu, siku nyingine ndiyo kama breki zimekatika mlimani. Tuko karibu na mkia, na timu mbili za mwisho zinashuka daraja. Karakana haijawahi kushuka. Babu yako ndiye aliyechimba mashimo ya zile nguzo za goli kwa mikono yake, akafa akiiacha timu iko ligi kuu, na sitaki kuiona ikishuka mimi nikiwa juu ya ngazi. Hilo ndilo jambo pekee ninaloliomba mwaka huu. Mgongo sijauombea.

Ngazi nimeiegemeza ukutani. Bao likiingia nashuka kuchukua namba, napanda tena. Mazoezi.

Sasa kuna swali nililokuuliza siku ya harusi, ukasema unaitwa kukata keki. Huyo bwana ni wa timu gani? Mji huo najua ni wa kinu cha unga, na timu yao ya Kinu imepaka kila ukuta njano. Nauliza tu, mimi ni mtu wa rangi.

Mjomba wako.


22 Februari

Mjomba wangu wa thamani,

Shikamoo. Sisi wazima, kabati limekwisha na mlango wake hausogei hata nikiupulizia. Mwambie mama. Mwambie pia mapazia niliyoshona yametimia, na jioni jua likipita ndani yake chumba kizima kinakuwa rangi ya asali, na mimi nakaa humo nikijifanya nakunja nguo.

Uliniuliza kuhusu mume wangu. Ngoja nikueleze vizuri ni mtu wa namna gani. Ni mtu anayepima mara tatu kabla ya kukata. Akikata, haangalii tena nyuma. Ni mtu anayeimba akipiga msasa na kunyamaza akigonga msumari. Ile skafu yangu ya buluu nilipoitoa sandukuni nikaona haya kuitundika, maana mimi ni mgeni katika nyumba yake. Yeye akaichukua, akatafuta msumari mpya, akaigonga juu ya kitanda chetu, mahali ambapo wengine wanaweka picha ya harusi. Akarudi nyuma, akafumba jicho moja kuona kama imenyooka. Ndipo nikakukumbuka wewe juu ya ngazi, nikalia kidogo, akadhani nimeumia.

Ametengeneza rafu ya redio na viti viwili, kimoja kila upande. Jumamosi tunakaa hapo kusikiliza mpira. Ni msikilizaji mtulivu sana.

Karatasi inakwisha, mjomba, na nina mengi. Spana anafanya mazoezi ya mguu wa kushoto? Mwambie afanye.

Mwenye furaha mpaka majirani wamechoka,
mpwa wako.


18 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako yuko salama. Mvua imeanza. Rangi haikauki, mabasi yanasimama uani yananuka kama kopo lililofunguliwa.

Jumamosi tulicheza hapa nyumbani na timu ya Matofali. Tulifungwa. Kiwanja kilikuwa na tope.

Nimesikia kuhusu skafu. Vizuri.

Mjomba wako.


31 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nyumbani wote salama, na mume wangu anakusalimu kwa heshima zote. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta kitu kati ya mistari, sikuona ila tope. Nilichotafuta nimekipata buchani.

Muuza nyama wetu ni mtu wa maneno mengi. Jana niliingia, na watu wamejaa, akanyoosha kisu akasema karibu, Shemeji Arobaini na Moja. Wote wakacheka. Mimi nikacheka nao kwa sababu sikujua. Ndipo akanieleza, mjomba, akanieleza kwa raha kabisa, kwamba Matofali walitufunga matano bila, na bao la tano lilipoingia yule mzee wa ubaoni hakuwa na tano nyeusi. Tano ya buluu alikuwa nayo miguuni pake. Watu wa kamati wakampigia kelele aitundike hiyo hiyo. Akasema namba ya Karakana haikai upande wa mgeni hata akizikwa nayo. Akachukua moja, akaitundika kando ya nne, maana nne na moja ni tano, nani asiyejua? Na ubao ukasomeka arobaini na moja. Wakaimba Matofali mpaka nje ya geti, arobaini na moja, arobaini na moja, na huo wimbo umepanda magari na kufika mpaka huku.

Mjomba, niliona hesabu yako mara ile ile. Nisingekuwa huku ningekuwa chini ya ngazi, na mimi pia ningekupa ile moja. Ningekupa bila kufikiri.

Niliwaacha wacheke mpaka wamalize. Kisha nikamwambia muuza nyama, "Huyo mzee unayemcheka amepanda ngazi mara tano kwa timu isiyo yake, na hakuchelewesha hata bao moja. Haya, nikatie nyama yangu, na safari hii kidole chako kisipande mzani." Wakamgeukia yeye. Nikatoka na kichwa juu, na nilipofika uani kwetu nikakaa juu ya mbao nikalia.

Mume wangu hakucheka. Aliniuliza kitu kimoja tu, ile nne nyeusi ina urefu gani. Nikamwonyesha kwa mkono, kutoka ncha ya kidole mpaka kupita kiwiko, maana urefu huo uko mwilini mwangu. Akaenda bandani. Nilisikia msumeno, kisha randa, kisha msasa, na kwenye msasa akaimba.

Ndiyo hiyo iliyo ndani ya kifurushi, mjomba. Ni tano. Kingo zake amezilainisha usichomwe na kibanzi, na kulabu nyuma amezifunga kwa skrubu badala ya misumari. Rangi alitumia iliyobaki kwenye kopo. Nimeikabidhi kwa dereva wa basi la asubuhi, nikamwambia asiilalie. Imetoka katika nyumba inayokupenda.

Mpwa wako.


6 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sijui kama barua yangu ya Machi ilikufikia. Dereva anaapa kwamba kifurushi alikiweka mkononi mwako. Nilimpigia mama simu ile ya ofisini kwao, na kabla watu hawajamnyang'anya akaniambia jambo ambalo sikutaka kulisikia. Kwamba ulirudisha ufunguo wa chumba cha namba, na sasa mtunza ghala ndiye anayepanda ngazi, na wewe Jumamosi unasimama nje ya ukuta wa uwanja, ukisikiliza. Anasema namba zinakaa kama meno ya mtoto.

Basi ngoja niseme kile nilichokifunika na rafu na mapazia. Mume wangu ni wa Kinu. Baba yake alibeba magunia pale kinuni maisha yake yote, na yeye alijifunza kutembea akifuata ile jezi ya njano. Lile kopo la rangi lilibaki alipowapakia rangi mabenchi ya wachezaji wao wa akiba. Niliogopa kukwambia. Niliona kwamba ukijua hutakuja kukaa kwenye kiti changu cha kushoto cha redio, na mimi nakitaka kiti hicho ukikalie. Kisha kwa ujinga wa mapenzi yangu nikakutumia tano ya njano, wewe uliyechekwa kwa kukosa tano, katika mwaka ambao mechi yetu ya mwisho ni na Kinu. Nilipoelewa nilichokifanya, nilikaa jikoni na chai ikapoa mbele yangu. Mume wangu alikuwa amepauka kuliko mimi. Anasema yeye aliona ubao uliokosa kipande, na fundi akiona pengo hawezi kupita. Hakufikiria kitu kingine. Mjomba, nakuapia huyu mtu hana kona moja ya dhihaka ndani yake. Nimemtafuta kote.

Na mimi sijahama. Nimeolewa njano, nimebaki buluu, na nyumba yetu haijabomoka. Akifungwa yeye namchemshia chai, nikifungwa mimi ananichemshia. Mwaka huu amechemsha sana.

Naomba jambo moja. Tarehe mosi Juni usimwachie mtunza ghala. Tukipata sare tunabaki ligi kuu. Tukifungwa tunashuka. Wewe ndiye uliyenifundisha, nikiwa sijafika hata kwenye kidato cha kwanza, siku niliyokataa kukupa namba ya wageni nikaikalia. Ulishuka ngazi yote, ukachuchumaa, ukaniambia, "Bao ni bao. Sisi hatuogopi kuliandika." Basi likitokea lolote siku hiyo, nataka liandikwe na mtu anayeumia.

Mpwa wako anayekusubiri.


15 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua zote mbili zimefika. Kifurushi kimefika. Dereva hakukilalia.

Kuhusu mkwe na Kinu, nilijua tangu harusini. Alipopiga magoti kumsalimia mama yako suruali ilipanda, nikaona soksi. Njano ile hainunuliwi kwa bahati mbaya. Nilikuuliza tena swali langu kwenye barua kwa sababu ilinifurahisha kuona utapitia njia ipi kulikwepa. Ile ya skafu ilikuwa njia nzuri, nusura nisahau nimeuliza nini.

Rangi haikunikasirisha. Nitakwambia kilichonikasirisha, kisha tusikirudie. Niliitoa hiyo tano kwenye karatasi nikaiweka juu ya meza, nikaipima kwa pimamaji. Nikaipima tena. Imenyooka kuliko namba yoyote niliyowahi kuichora. Mimi nimekaa chini ya ubao ule maisha yangu, na pengo lililokuwa pale nililiacha mwenyewe, kwa maringo. Kijana wa Kinu ambaye hajawahi kuuona ubao huo aliliziba kwa jioni moja. Ndipo nikaona wana haki ya kunicheka, nikarudisha ufunguo.

Nimeiweka chini ya kitanda. Mama yako anasema inang'aa mpaka panya wamehama.

Kuhusu ngazi usiniulize.

Mjomba wako.


Jumamosi, 1 Juni, jioni

Mjomba, mjomba wangu,

Shikamoo. Sina habari za nyumbani leo, tumekaa karibu na redio tangu mchana na hata chakula kimebaki sufuriani.

Mimi nilikuwa kiti cha kushoto na skafu shingoni. Yeye kiti cha kulia na fulana yake ya njano, kwa sababu nilimkataza kuivua. Nilimwambia sitaki mume wa kujificha. Dirisha lilikuwa wazi na mtaa wote nje ulikuwa na redio moja, ile ile.

Walipotufunga mawili ya haraka nilijua ndiyo basi. Kisha Spana akafunga, na kwa mguu wa kushoto, mjomba, naomba uniambie ni kweli, maana mtangazaji alipiga kelele sikusikia vizuri. Kipindi cha pili tukasawazisha. Kisha tukaongoza, tatu kwa mbili, nikasimama juu ya kiti alichonichongea na yeye akakishika kisiyumbe, mtu wa Kinu, ameshika kiti ili mimi nishangilie. Wakasawazisha. Spana tena, nne. Karakana nne. Sikuwahi kuisikia sentensi hiyo maisha yangu. Wakarudisha, nne kwa nne, na bado ilikuwa inatosha, sare ilikuwa inatosha, nikaanza kuomba refa apige filimbi, nikamwomba kwa majina yote mazuri.

Kisha ile kona. Breki akaugusa mpira, mtangazaji alisema aliugusa kwa ncha ya vidole. Ukaingia.

Mtaa ulipasuka. Makopo, sufuria, watoto, kila kitu. Mume wangu alinyanyuka, na mimi nikasema moyoni sawa, ni haki yake, timu ya baba yake. Akaenda dirishani, akalifunga. Akarudi, akakaa, akaongeza sauti ya redio kidogo ili niendelee kuisikia timu yangu.

Na ndipo mtangazaji akasema maneno ambayo nitayakumbuka mpaka nizeeke. Alisema, "Huko ubaoni naona mzee anapanda na namba ya njano, sijui wameitoa wapi. Anaitundika. Anashuka. Ngoja, anapanda tena, anainyoosha."

Mtunza ghala hanyooshi kitu. Mtunza ghala hajawahi kunyoosha hata shati lake.

Sikulia kwa kushuka, mjomba. Nililia kwa sababu ulipanda tena. Mume wangu ameniuliza kwa sauti ndogo kama kulabu zilishika vizuri. Tafadhali mjibu.

Mpwa wako, wa Karakana mpaka mwisho.


8 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie zilishika.

Mama yako mzima, ila amepoteza sauti na hataki kusema alikuwa wapi Jumamosi. Mimi nilimwona. Alikuwa safu ya mbele, amefunga kichwani khanga ya buluu.

Nilikuwa nimesimama nje ya ukuta kama kawaida. Ile tano nilikuwa nayo kwenye gunia. Usiniulize kwa nini. Nilichungulia getini nikaona mtunza ghala ameshatundika sifuri ya kwetu kichwa chini. Utasema sifuri haina kichwa. Kulabu zilikuwa zinaning'inia chini kama hereni, yeye ameifunga kwa kamba ya viatu. Kuna vitu mtu hawezi kupita. Nikamwomba ateremke. Aliteremka kwa furaha kubwa, maskini, alikuwa anaiogopa ngazi.

Spana alifunga kwa mguu wa kushoto. Ni kweli. Nilitundika moja, nikatundika mbili, nikatundika tatu. Kisha nikashika nne ya buluu. Mpwa wangu, namba ile niliichora nikiwa bado kijana na haikuwahi kutoka chumbani. Rangi yake ilikuwa mpya kabisa, zile nyingine zimepauka kwa jua na mvua. Watu waliona tofauti. Jukwaa zima liliupa mpira mgongo ili kuitazama ubaoni.

Na walipofunga la tano palikuwa kimya. Nilishuka kuifuata. Nilipoitoa kwenye gunia mtu mmoja wa kamati alisema mzee, acha tu, mechi imekwisha, nani anaangalia. Nikamwambia, "Walioifunga wanaangalia, na waliofungwa wanaangalia. Nipishe." Ilikuwa imeinama upande mmoja kidogo, ndiyo maana nilipanda tena. Watu wa Kinu walipoiona ni rangi yao hawakuimba kitu. Walipiga makofi. Mwanzoni nilidhani wanaipigia timu yao. Walikuwa wanatazama ubao.

Tumeshuka. Neno hilo nimeliandika mara moja na sitalirudia.

Unajua desturi yetu, namba haziteremshwi mpaka mtu wa mwisho atoke uwanjani. Nilikaa chini ya ngazi kungoja. Hakutoka mtu. Wachezaji walikuwa wameshaingia ndani, watu wakawaita, wakatoka tena, Breki amejifunika uso na jezi. Walimpigia makofi Breki kuliko Spana. Alijifunua. Giza likaanza kuingia na bado wamekaa, hata baadhi ya wale wa njano, na mlinzi wa geti naye amekaa. Mwisho nikaelewa hawatatoka, nikaenda nyumbani nikaziacha pale pale. Jumatatu asubuhi mafundi wote tulipita hapo kwenda kazini. Hakuna aliyetazama upande wa tano. Nne, walisema. Karakana nne. Zilikaa wiki nzima, na hata meneja hakuuliza.

Nimechukua ufunguo wangu.

Sasa lililo muhimu. Tunapokwenda, timu ni dhaifu na magolikipa ni walimu wa shule. Spana ana mguu wa kushoto. Za buluu zinaishia tano, na naona hazitatosha. Mwambie mkwe anichongee sita, saba, nane na tisa. Kopo la buluu nimelituma kwa dereva yule yule, asije akatumia mabaki. Na mechi ya kwanza mje wote wawili. Yeye atashika ngazi. Soksi avae anazotaka.

Mjomba wako wa ubaoni.


25 Juni

Mjomba wangu mpenzi sana,

Shikamoo, na mpe pole mama ya sauti. Sisi wazima, wazima, wazima.

Kopo limefika. Banda letu zima ni buluu. Mume wangu ni buluu mpaka viwiko, na jana alinishika kiuno akasahau, sasa nina gauni lenye alama za vidole vyake na sitalifua kamwe. Sita imekwisha na ni nzuri kama mwanamke mjamzito. Nane ilimsumbua, ameichonga mara mbili kwa sababu ya kwanza haikumridhisha tumbo la chini.

Muuza nyama alipita uani akasimama. Aliona zile namba kubwa zinakauka juani, akaona mikono ya rafiki yake, akamuuliza kama mke amemhamisha timu. Mume wangu hakuinua hata brashi. Alisema, "Mimi ni wa Kinu. Hii ni kazi ya mjomba." Mjomba, nilikuwa nimesimama mlangoni na bakuli la maji, na nilijivuna mpaka maji yakamwagika.

Baadaye, akiwa anaosha brashi, aliniuliza kama atengeneze na za wageni hapo hapo, maana mbao zimebaki. Akataka kujua zifike ngapi.

Nimemwambia tano zinatosha.

Mpwa wako.